Ramani kwa Asiyeona: Funzo la Milipuko ya Nyiragongo Mjini Goma

Historia ya elimu ya wasioona hueleza zaidi jinsi herufi zilivyopata nundu kuliko jinsi ramani na michoro ya takwimu ilivyofikishwa kwao. Louis Braille alichapisha mfumo wake wa nukta nundu mwaka 1829. Mwaka 1837 Samuel Gridley Howe, mkuu wa shule ya wasioona mjini Boston, Marekani, alitoa atlasi ambayo mistari yake iliinuliwa juu ya karatasi ili isomwe kwa vidole. Atlasi hiyo ilithibitisha kuwa kiini cha ramani si rangi wala wino, bali ni uhusiano wa mahali na mahali.

Mjini Goma suala hili si la darasani tu. Nyiragongo, mlima wa volkano wenye urefu wa mita 3,470, uko kaskazini mwa mji kwa umbali usiofika kilomita 20. Ulilipuka tarehe 10 Januari 1977, tarehe 17 Januari 2002 na tarehe 22 Mei 2021. Mwaka 2002 lava ilitoka katika nyufa za ubavu wa kusini, ikapita katikati ya mji hadi Ziwa Kivu. Kwa atembeaye kwa fimbo, njia aliyoijua kwa hatua zake ilizikwa chini ya mwamba. Ramani aliyoihifadhi akilini kwa miaka mingi ilifutika kwa siku moja.

Hali ya mlima imezoeleka kutangazwa kwa rangi nne: kijani, manjano, chungwa na nyekundu. Redio huweza kutamka jina la rangi, na asiyeona akajua daraja la hatari. Lakini bango lenye rangi pasipo neno wala umbo humwacha mwenye uoni hafifu akikisia. Ramani ya hatari ni ngumu zaidi, kwani hueleza mahali, umbali na mwelekeo kwa pamoja.

Tarehe 27 Mei 2021 Gavana wa kijeshi, Constant Ndima, aliamuru wakazi wa mitaa 10 kati ya 18 wahame, akaitaja kwa majina: Majengo, Virunga, Murara, Mikeno na mingineyo. Hivyo ramani iligeuzwa orodha, na asiyeona aliyesikia aliweza kujua kama mtaa wake umo. Hata hivyo, orodha haisemi mtaa upi unapakana na upi, wala kwamba lava ilikuwa imekwisha kuikata barabara ya Rutshuru. Kwa hayo asiyeona hutegemea mkono wa jirani, naye jirani huenda amekwisha kukimbia.

Kongo iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2015, na sheria ya nchi kuhusu haki hizo ilitolewa tarehe 3 Mei 2022. Utekelezaji wake wahitaji wachora ramani za nundu. Wahitaji pia wanalugha. Kiswahili hutenganisha aliyepo, aliyeko na aliyemo, nacho chaweza kuisema ramani nzima: ukiupa mlima mgongo, ardhi huteremka, ziwa liko mbele yako, na Sake iko mkono wa kulia. Maelezo ya namna hii yafaa kutungwa na kufundishwa mlima ukiwa umetulia, kwa kuwa siku ya moto hakuna afundishwaye ramani.