Maporomoko ya Boyoma

Maporomoko ya Boyoma ni msururu wa maporomoko saba ya Mto Lualaba katika jimbo la Tshopo, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Yanaanzia Ubundu na kukomea Kisangani, mwendo wa zaidi ya kilomita 100, nayo hukatiza ikweta njiani. Enzi za ukoloni yalipewa jina la mpelelezi Henry Morton Stanley, aliyeyapita Januari 1877.

Anayetarajia genge refu kama lile la Zambezi hatalikuta: msururu mzima hushuka takriban mita 60 tu. Hata hivyo, maji ni mengi mno na meli haziwezi kupita, ndiyo maana reli ya Kisangani hadi Ubundu ikafunguliwa mwaka 1906. Baada ya poromoko la saba mto huitwa Kongo, na kutoka bandari ya Kisangani vyombo husafiri hadi Kinshasa, kilomita 1,700 na ushee.

Poromoko hilo la mwisho ni himaya ya wavuvi Wagenia. Husimika magogo katika mashimo ya miamba, wakayafunga kwa kamba za mwituni, kisha wakaning'iniza vikapu vikubwa vyenye mdomo mpana. Mkondo wenyewe humsukuma samaki ndani na kumbana asitoke. Kazi ya mvuvi ni kupanda juu ya miti hiyo na kuvitoa vikapu, jambo lisilomfaa mwenye kizunguzungu. Miongoni mwa samaki wa mto huu ni mbenga, mla samaki wenzake, mwenye meno marefu yaliyo wazi na uzito unaoweza kufikia kilo 50.

Kwa wanyama wa msituni, mto ni mpaka. Sokwe hawaogelei: sokwe mtu wa kawaida huishi ng'ambo ya kulia, bonobo ng'ambo ya kushoto pekee. Okapi wengi wako kulia, ingawa wachache wamethibitishwa kushoto pia, upande wa Mto Lomami.

Huko huko Lomami, mwaka 2007 watafiti walimwona katika mji wa Opala kima aliyefugwa nyumbani, ambaye wenyeji walimwita lesula. Sayansi ilimtambua rasmi mwaka 2012. Makazi yake yako kati ya mito Lomami na Tshuapa, na sehemu yake imo katika Hifadhi ya Taifa ya Lomami, iliyoanzishwa mwaka 2016.