Wosia wa Mzee na Kifungu cha 26

Mzee aliandika wosia kwa mkono wake mwenyewe, kalamu ya bluu, mashahidi wawili, kila kitu sawa. Ploti ya Kayole yenye nyumba za kupangisha ikaja kwangu, kitinda mimba. Shamba la ushago likaenda kwa bro. Dada zetu watatu wakaachiwa baraka na ng'ombe mmoja. Si utani, ng'ombe mmoja wa kugawana.

Kaburi halijakauka, dada mkubwa akanipigia simu. "Mdogo wangu, sina vita na wewe. Lakini naenda kortini." Nikamjibu kwa kiburi kwamba wosia ni wosia, mzee ameshasema. Kisha nikaanza kusoma historia, nikitafuta kitu cha kumnyamazisha.

Haikunisaidia.

Sheria ya kumruhusu Mwafrika wa Kenya kuandika wosia ilikuja 1961, miaka miwili tu kabla ya uhuru. Wengi waliendelea kurithishana kwa mila, wazee wakikaa chini ya mti. Mwislamu alikuwa na sheria yake, Mzungu alikuwa na yake. Yaani ukifa Nairobi, mali yako ilifuata rangi na dini. Mwaka 1967 serikali ikaunda tume chini ya Humphrey Slade ili kuwe na sheria moja. Bunge likapitisha Sheria ya Urithi 1972, halafu ikalala miaka tisa. Ilianza kazi Julai 1, 1981.

Kifungu cha 5 kinampa mtu mzima mwenye akili timamu uhuru wa kugawa mali yake kwa wosia. Hapo nilishangilia. Lakini ukifika 26, korti inaweza kuingilia wosia usiowatosheleza wategemezi. Na mtegemezi ni nani? Uingereza, sheria yao ya 1938 ilikuwa bahili: binti awe hajaolewa, kijana awe chini ya miaka 21, au awe hajiwezi. Yetu, kifungu cha 29, inasema watoto wa marehemu, awe alikuwa akiwalisha au la. Haiulizi umri wala ndoa. Dada yangu ana wajukuu, na bado ni mtoto.

Si eti anapewa tu, lakini. Lazima aombe kabla hati ya urithi haijathibitishwa, na jaji anapima mengi: mali ni kiasi gani, kila mmoja anahitaji nini, alimtendea mzee vipi, alipewa nini mzee akiwa hai.

Kuna kesi mawakili huitaja sana, Rono dhidi ya Rono. Kule hakukuwa na wosia. Mahakama Kuu iliwapa wavulana ekari 30 kila mmoja, wasichana ekari 5, kwa sababu hao wanaweza kuolewa. Mahakama ya Rufani ikapindua hiyo hesabu 2005.

Sasa wakili wangu anataka niape kwamba dada alishapata chake mzee akiwa hai. Nimekaa na hiyo sentensi wiki mbili. Alitolewa shule kidato cha pili ndio karo ya bro itoshe. Pesa zangu za chuo zilitoka kwa kibanda chake cha mboga.

Kesi ni Jumanne. Wakili amepiga simu mara mbili leo.