Bweranyange: Kumbukumbu Iliyolala Udongoni



Juma hili naomba mniruhusu niiache kidogo njia yetu ya kawaida, tuitazame ardhi tunayoikanyaga. Sisi watu wa Nyakahanga tukitaja mambo ya kale, fikra hukimbilia Roma au Misri. Twasahau kwamba Bweranyange, kata iliyomo humu humu wilayani Karagwe, ilikuwa makao ya Abakama wa ukoo wa Wahinda, na kwamba habari zake zilisomwa Ulaya kabla babu zetu hawajajua kusoma.

Mwezi Novemba mwaka 1861 Waingereza wawili, Speke na Grant, walifika kwa Omukama Rumanyika wakiwa na Sidi Mubarak Bombay, mkalimani wao. Speke alitangulia kwenda Buganda Januari 1862. Grant, ambaye mguu wake uliuma asiweze kusafiri, alibaki kwa mfalme hadi Aprili. Stanley naye alipita mwaka 1876. Inasikitisha kwamba katika yote aliyoyaandika Speke juu ya Karagwe, wageni wengi hukumbuka kisa kimoja tu: jinsi alivyompima shemeji wa mfalme aliyenoneshwa kwa maziwa.

Yapo makubwa zaidi. Speke alisimuliwa kwamba Ndagara, baba yake Rumanyika, alipofariki, wanawe waligombea kiti. Iliwekwa mbele yao ngoma ndogo, nyepesi kama unyoya, lakini iliyotiwa dawa hata asiweze kuiinua ila mrithi wa haki. Rumanyika akaiinua. Hata hivyo nduguye Rogero hakukubali, na vita ikafuata. Musa, mfanyabiashara wa Tabora, ndiye aliyeingilia kati na bunduki zake kumsaidia Rumanyika, naye akalipwa kwa pembe za ndovu. Ndiyo kusema kwamba vilima hivi tunavyolimia migomba na kahawa vimewahi kuwa uwanja wa mapambano, na biashara ya pwani ilikwisha kutia mkono katika siasa zetu zamani hizo.

Kisha kuna chuma. Katika hazina ya wafalme wa Karagwe walikuwamo ng'ombe waliofuliwa kwa chuma, mikuki ya fahari, na nyundo zilizohesabiwa kuwa alama za enzi. Hamo Sassoon aliandika juu ya vitu hivyo mwaka 1983, na mwaka 1995 Andrew Reid na Rachel MacLean walieleza maana ya ufuaji chuma katika Karagwe. Kabla yao, mwaka 1975, Israel Katoke alikuwa ametoa kitabu kizima juu ya ufalme wa Wanyambo. Kwa hiyo hatuwezi kujitetea kwamba hakuna aliyetuambia.

Tazameni wenzetu wa Katuruka, upande wa Bukoba. Pale palikuwa na mti ulioitwa Kaiija, maana yake mahali pa kufulia chuma. Wazee walisimulia kwamba mfalme Rugomora Mahe aliwaagiza wahunzi wamjengee mnara wa chuma wa kufika mbinguni. (Msomaji wa Kitabu cha Mwanzo atatabasamu hapa.) Karibu mwaka 1970 mtaalamu wa mambo ya kale Peter Schmidt aliwasikiliza wazee hao, akachimba walipomwonyesha. Alikuta mabaki ya kazi ya chuma yaliyopimwa kuwa na umri wa zaidi ya miaka 2,000, yaani ya zamani kuliko huyo mfalme mwenyewe. Mti na hadithi vilikuwa vimepatunza mahali pale kwa vizazi visivyohesabika.

Mambo kama haya yametokea hata Ulaya. Huko Kalkriese, Ujerumani, wakulima walikuwa wakiokota sarafu za Kirumi mashambani tangu zamani, na mwaka 1885 mwanahistoria Mommsen akasema hapo ndipo majeshi 3 ya Varus yalipoangamia mwaka 9 baada ya Kristo. Hakuaminiwa sana. Ilimpasa mwanajeshi Mwingereza, Tony Clunn, aende mwaka 1987 na kifaa cha kutambua madini, akapata sarafu za fedha na risasi za kombeo, ndipo watu wakaanza kuchimba kwa bidii. Leo pana makumbusho, na watu hulipa kiingilio kuitazama ardhi ile ile ya wakulima.

Lakini Schmidt aliporudi Katuruka baada ya miaka mingi, wengi wa wasimulizi wake walikuwa wamefariki. Mkoa wetu ndio ulioona wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini, mwaka 1983, na gonjwa hilo lilizika pamoja na watu yale waliyoyajua na wale ambao wangeyarithi. Wanakijiji hawakukaa kuomboleza tu. Tangu mwaka 2008 waliunda kikundi, wakawahoji wazee waliobaki, waume kwa wake, wakaijenga upya nyumba ya mfalme na kuwakaribisha wageni.

Najua wapo kati yetu wanaohofu kwamba kushughulikia makao ya wafalme wa kale ni kurudia upagani. Mimi sioni hivyo. Anayechimbua msingi wa nyumba ya Rumanyika haabudu ngoma yake, kama vile anayezuru magofu ya Roma asivyomfukizia ubani Kaisari.

Kuchimba ni kazi ya wataalamu wenye kibali cha serikali, na hakuna anayeruhusiwa kwenda Bweranyange na jembe usiku. Lakini daftari halihitaji kibali. Vijana mtakaokuwa nyumbani likizo hii, kaeni na babu na bibi, mwandike jina la kila kilima, kila mti mkubwa na kila chemchemi kama wanavyolitamka kwa Kinyambo, na sababu ya jina hilo. Pembeni andikeni jina la msimulizi, kijiji chake na tarehe.