Mtihani unakungoja nyumbani

Wasee, binamu yangu wa hapa Burnt Forest anaenda Urusi kusomea udaktari. Mjomba ameuza ng'ombe wawili na kukodisha shamba la viazi. Kila mtu kijijini anasema, "Huyo anarudi daktari." Mimi nasema hapana, bado.

Hii safari si mpya. Kabla ya 1967 Kenya haikuwa na shule ya udaktari, so ulienda Makerere ama ukapanda ndege. Moscow ilifungua chuo cha Lumumba 1960, na Oginga Odinga akatuma vijana wengi huko upande wa Mashariki. Ilikuwa siasa ya Vita Baridi, lakini madaktari walitoka.

Baadaye, 1978, ikaja sheria ya madaktari. Leo aliyesomea nje anafanya mtihani wa baraza la madaktari hapa kabla hata ya kuanza mafunzo ya hospitali. Digrii peke yake haitoshi.

Shida ni kwamba watu huanza kuusoma wakishashuka JKIA. Anatomia ya mwaka wa kwanza imeshapotea kichwani, tena uliisomea kwa Kirusi! Malaria uliiona kitabuni tu, na hapa ndiyo mkate wa kila siku wodini.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili juu ya kukesha wiki moja kabla ya pepa, so najua hiyo njia inaishia wapi.

Shangazi amempakia unga na majani chai. Mimi nimeenda saiba nikamprintia mwongozo wa Wizara ya Afya wa kutibu malaria. Amecheka, lakini ameuweka kwa begi.