Kitanda cha zamani, kabine ya balenieri: mbao zipi za nyumbani zinafaa kwenye mto

Hapa Kindu ndipo njia ya reli inayotoka Lubumbashi inaishia, na hapa pia safari ya mto Lualaba kuelekea Ubundu inaanzia. Ni karibu kilometa 300 za maji. Ubundu kuna maporomoko. Ndio maana ilijengwa ile reli ya kilometa 125 mpaka Kisangani.

Ndani ya balenieri, ile mashua kubwa ya mbao yenye motere, safari hiyo ni ya siku kadhaa. Watu wanapika humo, wanalala humo, mama ananyonyesha mtoto humo. Kwa mwenye mashua na watu wake wa kazi, balenieri ni gari na ni nyumba pia. Sasa, mbao mpya ziko na bei. Kitanda kilichovunjika au kabati la zamani vinaweza kutoa kabine ya kulala, ikiwa mtu anajua kipi cha kuchukua na kipi cha kuacha.

Zipi zinafaa

Chukua mbao nzito za zamani: mbavu za kitanda, miguu ya meza, fremu ya mlango. Mvule, ambayo wauza mbao wa kwetu wanaiita kambala, inavumilia maji na mchwa vizuri. Limba ni nyepesi lakini inaoza upesi ikikaa kwenye maji. Iweke ndani, sehemu kavu.

Triplex ya mgongo wa kabati inafaa kwa ukuta, lakini ipakwe rangi ya mafuta mpaka kwenye kingo, maana maji yanaingilia pale. Zile mbao za makapi yaliyobanwa kwa gundi, ziache kabisa. Zikilowa zinavimba na kumeguka kama mkate. Sponji ya viti vya saluni pia iache: ikishika moto, moshi wake ni sumu.

Kabla ya kupigilia

Gonga ubao. Ukilia kwa sauti tupu, au ukitoa unga mwembamba kwenye vitundu, wadudu wako ndani. Mbao za kitanda zimwagie maji ya kuchemka kwenye kila ufa, kwa sababu kunguni wanajificha humo, na kwenye mashua hakuna pa kuwakimbilia. Rangi ya zamani inaweza kuwa na risasi ndani. Ilowanishe kabla ya kuikwangua, na watoto wakae mbali.

Ng'oa misumari yote. Kufunga, tumia visi, ile misumari ya kuzungusha, na toboa kwanza ili mbao ngumu isipasuke. Funga nguzo za kabine kwenye mbavu za mashua. Usitoboe ubao wa tumbo unaogusa maji.

Hesabu ya kilo

Hapa ndipo watu wanapotezea maisha. Ubao wa mvule wa meta 2, upana sentimeta 20 na unene sentimeta 2, uko na kilo 5 hivi. Mbao 30 ni kilo 150, sawa na watu wakubwa wawili wasioshuka safari nzima. Hizo kilo zitolewe kwenye mizigo, zisiongezwe juu yake.

Mahali pa kuweka uzito ni jambo kubwa zaidi. Uzito ukiwa chini unatuliza mashua. Ukiwa juu, mashua inakuwa na kichwa kizito: wimbi moja, au abiria wakikimbilia upande mmoja, inapinduka. Kwa hiyo mbao nene ziwe sakafu na vitanda vya chini, triplex iwe ukuta, na paa liwe bashe tu juu ya fito nyepesi. Mtu asilale juu ya paa, wala gunia lisipande huko.

Moto na mlango

Mbao za zamani zimekauka sana, zinawaka haraka. Mbabula ikae nje ya kabine, juu ya bati lenye mchanga, na bidoni za mafuta ya motere ziwe mbali nayo.

Kabine iwe na njia mbili za kutokea, na dirisha la kupitisha mtu mzima. Usitumie mlango wa kabati wenye kufuli: mashua ikipinduka usiku, aliyelala ndani hatapata nafasi ya kutafuta ufunguo. Mwaka 2019, baada ya mashua kuzama katika ziwa Kivu, Rais Félix Tshisekedi aliagiza abiria wavae jile za kuokolea. Jile zitundikwe karibu na mlango, zisifungiwe chini ya kitanda.

Ukimaliza kazi, usiondoke siku hiyo. Jaza mashua nusu, ipeleke karibu na ukingo, watu wachache wenye jile wasogee upande mmoja polepole. Ikilala sana na kukawia kurudi, kabine ni nzito: bomoa, punguza, ujaribu tena kabla ya kupakia abiria.