Kutoka soko la Ntoto hadi leo: vijana wa Masisi na Walikale na barza lisilo lao

Jumamosi tarehe 20 Machi 1993, watu wengi waliuawa katika soko la Ntoto, pale Walikale inapopakana na Masisi. Waliouawa walikuwa Wahutu, na walioshambulia walikuwa wanamgambo wa Kinyanga na Kihunde. Baadaye wanamgambo wa Kihutu nao walilipiza kisasi, na vita vikaenea Masisi. Makadirio ya waliokufa ni kati ya 6,000 na 15,000, na watu karibu 250,000 walikimbia makwao. Ripoti kubwa ya Umoja wa Mataifa kuhusu mauaji nchini Kongo, iliyotolewa mwaka 2010, inaanza kuhesabu tangu mwezi ule.

Chuki haikuzaliwa sokoni. Kati ya 1937 na 1955 utawala wa Wabelgiji ulileta maelfu ya familia kutoka Rwanda kuja kukaa Masisi. Baada ya uhuru yalifuata maswali mawili: ardhi ni ya nani, na raia ni nani. Sheria ya 1972 iliwapa wengi uraia, ile ya 1981 ikawanyang'anya. Wakubwa waligombana juu ya makaratasi na mashamba, lakini katika kila upande waliotumwa mbele na silaha walikuwa vijana.

Mazungumzo yalijaribiwa. Mwishoni mwa 1993 machifu na mashirika ya kiraia waliketi pamoja, na utulivu ukaanza kurudi. Julai 1994 wakimbizi wengi mno waliingia kutoka Rwanda, pamoja na wanajeshi walioshindwa, na kazi hiyo ikavunjika. Mwaka 1998 lilizaliwa Goma barza la makabila, likikutanisha wawakilishi wa makabila 9 ya Kivu Kaskazini. Lilisuluhisha migogoro, lilituliza uvumi, na wengi wanalisifu kwa kulinda jimbo wakati Ituri ilipokuwa ikiwaka moto. Hata hivyo siasa iliingia ndani yake, na kabla ya uchaguzi wa 2006 lilikuwa limedhoofika.

Lilikuwa barza la wazee. Mzee alirudi kijijini na kusema tumepatana, lakini kijana aliyepoteza baba hakuwa ameulizwa neno. Huyo ndiye aliyefuatwa usiku na wenye bunduki.

Ndiyo maana vikao vya vijana wenyewe, katika parokia, shule, vyama na mashirika ya mitaa, si mchezo wa kupitisha muda. Njia yake ni rahisi. Vijana wa miaka 13 hadi 17 wanakaa kwa duara, wa makabila mbalimbali, na mmoja wao anaongoza. Swali linatoka kwao: uvumi tuliousikia jana ni wa kweli? Shamba likigombaniwa, nani anaitwa? Rafiki akitaka kuingia porini, tumwambie nini? Mtu mzima anakuwepo kwa usalama, si kwa kuhubiri. Redio pia inasaidia: tangu Februari 2002, Redio Okapi inatangaza kwa Kiswahili pia, na kundi linaweza kusikiliza habari pamoja kisha kuijadili.

Sheria iko upande wao. Sheria ya Kongo ya Januari 2009 inamlinda mtoto aliye chini ya miaka 18, inakataza kumwingiza katika makundi ya silaha, na inatambua haki yake ya kutoa maoni. Desemba 2015 Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 2250, linalotaka vijana washirikishwe katika kutafuta amani.

Kikao hakizuii bunduki. Rubaya, penye koltani, ilitekwa na M23 mwishoni mwa Aprili 2024. Masisi-kati ilifuata Januari 2025, na Machi mwaka huo vita vilifika Walikale-kati. Februari 2025, familia zilizokuwa kambini kandokando ya Goma ziliamriwa kuondoka. Wengine walirudi na kukuta nyumba imebomolewa au shamba linalimwa na mtu mwingine.

Hapo ndipo hatari ilipo sasa. Swali la ardhi lililoleta Ntoto linarudi pamoja na kila familia inayorudi kijijini. Wazee wataitwa kulijibu, kama kawaida. Watakaoishi na jibu hilo miaka 50 ijayo ni wale wenye miaka 15 leo. Wakiachwa nje ya barza tena, wenye bunduki wanajua pa kuwapata.