Taveta na Mpaka Uliopinda

Msafiri atokaye Voi kwa njia ya Maktau, akifika Taveta, huuona Kilimanjaro umesimama karibu naye, ilhali mlima wote u ng'ambo ya mpaka, katika ardhi ya Tanzania. Na hapo aghalabu husimuliwa kwamba Malkia Victoria alimtunukia mlima huo mjukuu wake, Kaisari wa Ujerumani. Hadithi hii ni tamu, wala haina asili, kwani mapatano ya mpaka yalipofanywa mwaka 1886 mjukuu huyo alikuwa bado hajakikalia kiti cha enzi.

Taveta ilikuwa na sifa yake kabla ya mpaka. Misafara ya pembe iliyotoka Mombasa na Pangani, ikiisha kuteswa na kiu ya nyika, iliingia katika msitu wa mto Lumi, ambao wenyeji waliulinda kwa milango ya magogo, ikapata kivuli, ndizi na samaki, na wapagazi wakatua mizigo. Mwaka 1884 Mwingereza Harry Johnston alipatana na wazee wa hapo juu ya ardhi. Mwaka uliofuata Jenerali Mathews, mkuu wa jeshi la Zanzibar, kwa amri ya Sayyid Barghash, Sultani wa huko, akawaendea Mamangi, yaani watawala wa Wachaga, ili waikubali bendera ya Sultani. Na hazikupita siku nyingi wakaja Wajerumani na hati zao. London na Berlin walipogawana, mstari uliotoka kinywa cha mto Umba ulipita kati ya Taveta na Uchaga, ukauzunguka mlima kwa kaskazini, naye Sayyid akaachiwa ukanda wa pwani na miji michache.

Mstari huo ulidaiwa kwa damu. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka mwezi wa Agosti 1914, Wajerumani waliitwaa Taveta, wakajichimbia katika kilima cha Salaita. Na tarehe 12 Februari 1916 askari wa Afrika Kusini wa upande wa Waingereza, waliokuwa wageni wa vita hivi, walikishambulia baada ya mizinga kukipiga kileleni, na kumbe mahandaki yalikuwa chini, penye vichaka. Wakarudishwa nyuma, na waliowakinga katika kurudi kwao walikuwa Wabaluchi wa jeshi la Kihindi, watu ambao hao Waafrika Kusini walikuwa wakiwadharau. Mwezi uliofuata vilima vya Latema na Reata vikatekwa, na baadaye reli ya vita iliyotoka Voi ikasukumwa hata Kahe, ikaungana na ile ya Wajerumani.

Wageni wa leo huja kwa ajili ya Salaita na makaburi ya askari, na ziwa Chala, lililokaa ndani ya kasoko, likilishwa na maji yapitayo chini ya ardhi kutoka mlimani, huku mpaka ukilikata pasipo alama yoyote juu ya maji. Mimi ningemshauri mgeni aanzie sokoni, siku ya gulio, ambapo wanunuzi na wachuuzi wa pande zote mbili hugombania bei ya ndizi na maharage. Salaita apande jioni, jua likipunguza ukali.